Hazitoshi kwa Swali Lipi?

Daftari lilikuwa limelowa, na ndilo lililowaleta kwangu wale ndugu wawili jioni moja ya Jumamosi, maji ya bukari yakichemka jikoni. Mkubwa nilimfundisha hisabati hapa Fungurume, mji wa migodi kusini mwa Kongo. Mdogo aliacha shule akamfuata kaka yake shimoni. Kurasa zilikuwa zimegandamana kama sombe iliyolala, wino wa bluu wa hesabu ya mifuko umegeuka doa. Mzigo wao wa madini uliuzwa kwenye depo moja pamoja na wa wenzao, malipo yakatoka kwa mkupuo, sasa ilibaki kugawana kwa kuhesabu mifuko. Mkubwa alisema yeye alileta minne na mdogo mmoja. Mdogo alisema miwili kwa miwili. Walipomwendea karani wa depo awaamue, aliwajibu kwa maneno mawili, akafunga dirisha: takwimu hazitoshi.

Maneno hayo mawili yamezoeleka huku kwetu kama vumbi la barabara ya Likasi. Mwanafunzi huyaandika chini ya swali lililomshinda. Afisa huyatoa mbele ya kamera, koti limefungwa vifungo vyote. Mkutano wa mtaa ukiuliza fedha za maendeleo ni kiasi gani, mtu husimama akayasema, na watu huondoka wakitikisa vichwa kana kwamba wamejibiwa. Nyuma ya maneno hayo imekaa imani ambayo sijaona mtu akiigusa: kwamba pasipo na namba yenyewe, iliyoandikwa, yenye alama ya sawasawa mbele yake, hakuna anayejua lolote na hakuna mwenye haki ya kudai lolote. Ukisema "si chini ya" au "haizidi", unaambiwa unakisia.

Ni imani mbovu. Ni mbovu kihesabu kwanza, na ubovu wa mahali pengine kote umeanzia hapo, kwa hiyo nianze na mifuko.

Niliwauliza wale ndugu ni nani mwingine aliyeuona mzigo. Walikuwapo wawili. Mwenye pikipiki ya magurudumu matatu aliyeubeba hakumbuki idadi, ila sanduku lake hupokea mifuko mitano, na siku hiyo halikujaa. Anakumbuka kwa sababu alitaka kuongeza mzigo wa mtu mwingine wakamkatalia. Mwenye shimo naye hakumbuki idadi. Anachokumbuka ni kwamba alichukua fungu lake kwa mkubwa peke yake akamwachia mdogo, kwa kuwa mifuko ya mkubwa ilizidi ya mdogo mara mbili na zaidi. Na jambo moja hata ndugu wenyewe hawakubishania: kila mmoja alileta angalau mfuko mmoja.

"Prof," mkubwa akaniambia, akitumia sauti ileile aliyokuwa akiitumia darasani nikimwita ubaoni, "hapo hakuna egale hata moja."

Kweli, alama ya sawasawa haipo. Shahidi wa kwanza anasema jumla iko chini ya mitano. Peke yake anatuachia njia sita: mmoja kwa mmoja, mmoja kwa miwili, miwili kwa mmoja, miwili kwa miwili, mmoja kwa mitatu, mitatu kwa mmoja. Shahidi wa pili anasema ya mkubwa imezidi mara mbili ya mdogo. Peke yake hana mwisho: mitatu kwa mmoja, minne kwa mmoja, kumi kwa minne, mia kwa arobaini. Sasa waweke pamoja. Mdogo akiwa na mmoja, mkubwa lazima azidi miwili, na kwa kuwa jumla haifiki mitano, hawezi kufika minne. Mitatu. Mdogo akiwa na miwili, mkubwa azidi minne, jumla inafika saba au zaidi. Sanduku halikujaa, kwa hiyo haiwezekani. Mdogo akizidi hapo, ndiyo kabisa. Imebaki njia moja: mitatu kwa mmoja. Mashahidi wawili wasiojua idadi, hakuna sawasawa mahali popote, na jibu limetoka moja tu, kama lingetoka kwenye daftari kavu.

Angalia ni nini kilichofanya kazi hapa. Si ujanja wa mwalimu. Ni kwamba mifuko huhesabiwa mmoja mmoja. Kati ya miwili na minne kuna mitatu, basi. Hakuna mfuko mwingine uliojificha hapo. Ingekuwa kilo, kati ya mbili na nne pangekuwa na 2.1 na 3.75 na nyingine zisizo na idadi, na mashahidi wetu wangetuacha njiani. Na kazi nyingine imefanywa na lile neno "angalau mmoja". Liondoe, umruhusu mdogo kuwa na sifuri, na papo hapo mkubwa anaweza kuwa na mmoja, miwili, mitatu au minne, nasi tumerudi kwa karani na dirisha lake. Wanahisabati huita vitu hivi namba kamili chanya, na mwanafunzi akiona maneno hayo kwenye swali huyaruka kama mtu arukavyo jina la mchapishaji. Humo ndimo nusu ya taarifa ilimo.

Mhasibu mmoja tuliyesoma naye Lubumbashi, ambaye leo anafanya kazi Kolwezi, aliwahi kunionyesha karatasi zake za kujiandaa na GMAT, mtihani unaotakiwa na vyuo vingi vya biashara vya ng'ambo. Humo kuna aina ya maswali ambayo yangefaa kuanza kufundishwa huku kabla ya mengine mengi. Unapewa swali na taarifa mbili. Huambiwi utafute jibu. Unaambiwa useme kama taarifa ya kwanza peke yake inatosha kujibu, au ya pili peke yake, au zote mbili kwa pamoja tu, au kila moja inajitosheleza, au hata zikiunganishwa hazitoshi. Ukikokotoa mpaka mwisho unapoteza muda. Kinachopimwa ni kama unajua lini umekwisha kujua.

Nilipoyapeleka darasani, mwenzangu mmoja wa chumba cha walimu alinicheka: haya ni mafumbo ya watu walioshiba, mtoto wa Fungurume anajiandaa na Examen d'État, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, anataka jibu la kutia alama. Namheshimu, lakini amekosea. Huyo mtoto wa Fungurume ndiye atakayesimama siku moja mbele ya dirisha la depo akiambiwa hazitoshi. Mtoto wa mwenye kampuni ana wakili wa kumsemea.

Basi nikawapa hili. Kundi la kwanza la wachimbaji limeleta mifuko zaidi ya mitatu. Kundi la pili limeleta mifuko chini ya mitano. Je, kundi la kwanza limelizidi la pili? Darasa zima likasema hazitoshi, na safari hii walikuwa sahihi: kundi la kwanza linaweza kuwa na sita na la pili mmoja, ambapo jibu ni ndiyo; au minne kwa minne, ambapo jibu ni hapana. Nikafuta nusu ya swali, nikageuza: je, kundi la pili limelizidi la kwanza? Darasa zima likasema tena hazitoshi, kwa sauti ileile, maana taarifa zilikuwa zilezile. Ila msichana mmoja wa benchi la nyuma alinyamaza, akaandika kitu kiganjani, kisha akasema, "Haliwezi, Prof." Haliwezi kweli. Zaidi ya mitatu maana yake minne au zaidi. Chini ya mitano maana yake minne au pungufu. Kundi la pili likijitahidi sana litalifikia la kwanza, kulipita, kamwe. Jibu ni hapana, na hapana iliyo hakika ni jibu kamili kama ndiyo.

Kwa mfano huo mmoja ningeweza kuiangusha kalamu. Taarifa hazikubadilika hata herufi. Lilibadilika swali, na zile zilizokuwa hazitoshi zikatosha. Kwa hiyo "takwimu hazitoshi" si sentensi iliyokamilika. Ni kama kusema kamba ni fupi. Fupi kwa kisima kipi? Anayeitamka bila kutaja swali hajasema kitu, na mara nyingi hataki kusema kitu.

Kuna kosa la upande wa pili nalo, na wanaolishabikia ni walewale: imani kwamba karatasi zikiwa nyingi basi tunajua zaidi. Chukua taarifa hizi mbili juu ya mifuko ya mtu. Moja inasema imezidi mitatu. Nyingine inasema haipungui minne. Kwa macho ni taarifa mbili, na ukimpa karani wa kuandika ripoti atazitengea kurasa mbili na mihuri miwili. Kwa mifuko ni kitu kimoja. Aliyezidi mitatu ana minne au zaidi. Asiyepungua minne vilevile. Umemwita shahidi wa pili na amerudia neno la wa kwanza kwa lafudhi nyingine. Huku kwetu nimeona ripoti nene kama tofali ambazo ukizikamua unabaki na ukurasa mmoja, na wananchi wanaambiwa waridhike kwa sababu wamepewa tofali.

Sasa tutoke kwenye mifuko twende milimani, maana najua atakayesema kwamba haya ni ya shimoni na hayafiki kwenye mambo makubwa. Yanafika. Jambo kubwa kuliko yote lililowahi kubishaniwa juu ya mji huu lilikuwa swali la namna hii hii.

Tenke Fungurume Mining, au TFM, ilianza kutoa shaba mwaka 2009 chini ya Freeport-McMoRan ya Marekani. Mwaka 2010, baada ya serikali kuipitia mikataba ya migodi, ubia ulirekebishwa: fungu la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, likapanda hadi asilimia 20, na kikawekwa kifungu ambacho ningependa kila mwanafunzi wangu akijue kama anavyolijua jina la mtaa wake. Kila akiba mpya ya shaba ikithibitishwa juu ya tani milioni 2.5, Gécamines ilipwe dola milioni 1.2 kwa kila tani 100,000. Mwaka 2016 Freeport iliuza hisa zake kwa kampuni ya Kichina, China Molybdenum, leo CMOC, kwa dola bilioni 2.65. Halafu ukaja ugomvi. Gécamines ikadai akiba haikutangazwa yote na hivyo imepunjwa, CMOC ikakana. Mwishoni mwa Februari 2022 mahakama ya Lubumbashi ikateua msimamizi wa muda. Julai mwaka huo usafirishaji wa shaba na kobalti ukasimama, na malori tuliyozoea kuyahesabu usiku badala ya kondoo hayakuonekana tena barabarani. Aprili 2023 wakapatana: CMOC ilipe dola milioni 800 kati ya 2023 na 2028, na gawio kwa Gécamines katika kipindi hicho lisipungue dola bilioni 1.2.

Katika miezi yote ile, kwenye baa na kwenye basi la kwenda Likasi, niliyoyasikia yalikuwa yale maneno mawili. Nani anajua kilichomo chini ya vilima hivi? Mpaka wavichimbe vyote! Na watu wenye elimu zao wakakubali kwamba, kwa kuwa hakuna anayejua tani kamili, hakuna wa kusema nani ana haki.

Kisome tena kifungu. Hakiulizi tani ngapi zimo chini. Kinauliza kwanza: je, zimezidi milioni 2.5? Hilo ni swali la ndiyo au hapana. Anayejua kwamba zimezidi milioni 3 amekwisha kulijibu, hata kama hajui kama ni milioni 3.1 au 9. Kisha kinauliza: mafungu ya tani 100,000 juu ya hapo ni mangapi? Na mafungu ni kama mifuko. Tuseme, kwa namba za kubuni kabisa, kwamba wajiolojia wa pande mbili wanabishana: mmoja anasema akiba ni tani milioni 3.91, mwingine anasema milioni 3.98. Tofauti yao ni tani 70,000, mlima mzima wa ugomvi. Kama tunahesabu mafungu yaliyotimia tu, wa kwanza ana mafungu kumi na manne na kipande, wa pili kumi na manne na kipande kikubwa zaidi. Kumi na manne mara milioni 1.2 ni dola milioni 16.8, kwa yeyote utakayemwamini. Wamalize kubishana wakiwa wameshalipana. Lakini wa pili akisema milioni 4.02, sasa ana kumi na matano, na hapo, hapo tu, ndipo ubishi wao una bei: dola milioni 1.2. Umuhimu wa kosa la kipimo hautokani na ukubwa wake. Unatokana na kama kuna ngazi kati ya vipimo viwili.

Ninajua jibu la mpinzani wangu aliye makini, nalo ni zuri, silikimbii. Atasema: mwalimu, tatizo halikuwa tani, tatizo lilikuwa neno "akiba". Na ni kweli. Mawe yenye shaba chini ya ardhi ni rasilimali. Akiba ni ile sehemu inayoweza kuchimbwa kwa faida kwa bei na gharama za wakati huo. Bei ya shaba ikipanda, jiwe lilelile ambalo jana lilikuwa jiwe linakuwa akiba bila mtu kulisogeza. Basi kabla ya kuhesabu mafungu lazima mkubaliane fungu ni nini na linahesabiwa lini. Nakubali kila neno. Lakini ona amekubali nini na yeye: kwamba kilichopungua hakikuwa takwimu. Ilipungua maana ya kitu kinachohesabiwa. Hilo hutengenezwa kwa kukaa mezani na kuandika sentensi inayoeleweka, na hata mkichimba mashimo elfu zaidi ya utafiti halitajitengeneza. Aliyetuambia takwimu hazitoshi alitupeleka kutafuta mawe wakati kilichopotea kilikuwa sentensi.

Tuje karibu zaidi na jiko. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa Machi 2018 inataka kila kampuni inayochimba itenge, kwa maendeleo ya jamii zilizoathiriwa na mradi, kiasi kisichopungua asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka. Kisichopungua. Sheria yenyewe imeandikwa kwa alama ya kuzidi, haikungoja sawasawa. Sasa katika mkutano mama mmoja anauliza: mwaka 2023 tulistahili kiasi gani? Anajibiwa kwamba hesabu za mauzo ni ngumu, kuna bei ya soko, kuna punguzo, kuna kobalti, kuna usafirishaji uliochelewa, takwimu hazitoshi. Mama anakaa.

Asingekaa kama angekuwa na kalamu. Mwaka huo TFM ilitoa zaidi ya tani 200,000 za shaba. Ziada ni kubwa, lakini tuishie hapo kwa makusudi. Bei ya shaba kwenye soko la London haikushuka chini ya dola 7,000 kwa tani mwaka huo. Tuishie hapo pia, na tofauti ya hapo hadi bei halisi iwafidie kwa punguzo lolote wanalolitaja. Kobalti tuitupe kabisa, tujifanye haipo. Tani 200,000 kwa dola 7,000 ni dola bilioni 1.4. Asilimia 0.3 ya hiyo ni dola milioni 4.2. Kila tulipokisia, tulikisia chini. Kwa hiyo shaba kiasi hicho ikiwa imeuzwa, na mizigo iliyokwama mwaka uliotangulia ilianza kutoka Mei, stahili ya mwaka ule haiwezi kuwa chini ya hapo. Sijui ilikuwa ngapi hasa, na sihitaji kujua ili niweze kumwambia mtu yeyote atakayetaja milioni tatu kwamba amekosea. Sisemi hapa kwamba hazikulipwa. Nasema swali la yule mama lilikuwa na jibu, na jibu lilitoshea nyuma ya bahasha.

Kwa namna hiyo hiyo serikali yenyewe hutawala. Tangu Oktoba 2025 kobalti inatoka nchini kwa mgao: kwa mwaka 2026 nchi nzima haizidi tani 96,600. Hakuna mfanyabiashara aliyeambiwa auze tani kamili kadhaa. Ameambiwa asivuke. Wakubwa wanaendeshwa na "haizidi" na "isipungue" asubuhi hadi jioni, na biashara inakwenda. Ni mnyonge tu anayetakiwa alete sawasawa.

Kuna mahali ambapo neno "chanya" linaniuma zaidi kuliko ubaoni. Mwaka 2014 UNICEF ilikadiria kwamba watoto wapatao 40,000 walikuwa wakifanya kazi katika migodi ya kusini mwa Kongo. Namba hiyo nimeisikia ikipingwa mara nyingi: ni ya zamani, haijulikani ilihesabiwaje, imejumuisha machimbo ya kila aina, huenda ni nusu yake. Haya, na iwe nusu yake, iwe robo. Wanaoipinga wanajibu swali la "wangapi", na katika swali hilo huenda wana hoja. Lakini maswali mengi tunayokabiliana nayo huku si ya "wangapi". Je, mfuko huu umepitia mikono ya mtoto? Je, depo ile hununua kwa watoto? Maswali hayo yanatosheka na mmoja. Katika namba kamili chanya hakuna iliyo chini ya moja; ukishasema "yupo" umefika sakafuni, na ubishi kama ni arobaini elfu au kumi elfu hauwezi kulitikisa jibu. Nimemwona mtoto wa darasa letu la sita akiosha mawe mtoni siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, sare ameikunja akaiweka juu ya jiwe kavu ili isichafuke. Kwa swali moja lililokuwa kichwani mwangu asubuhi ile, takwimu zilitosha.

Mpinzani ana ngome moja ambayo siwezi kuibomoa, na itakuwa uongo nikijifanya nimeibomoa. Ni Metorex, ile mashine ya mkononi inayosoma asilimia ya madini kwenye mfuko. Asilimia haihesabiki kwa mmoja mmoja. Mashine ikisoma 2.4 na mchimbaji akiamini ni 2.9, kati yao kuna namba zisizoisha, na hakuna sanduku la pikipiki la kuzikamata. Hapo zaidi-ya na chini-ya haviwezi kugandamana mpaka libaki jibu moja. Hapo kinachotakiwa ni mashine ya pili, isiyo ya mnunuzi. Ila hata hapo nina la kuongeza: bei kwenye ubao wa depo hupanda ngazi kwa ngazi. Kama ubao unalipa sawa kuanzia 2 hadi kabla ya 3, ugomvi wa 2.4 na 2.9 hauna faranga hata moja ndani yake, na nimewaona vijana wakitishiana makoleo kwa ajili ya tofauti ambayo ubao hauioni. Na siku nyingine nimewaona wakikubali 1.9 badala ya 2.1 wakicheka, kwa sababu ni tofauti ndogo tu.

Wale ndugu nilikuwa nimewaacha na mitatu kwa mmoja. Mkubwa alikubali haraka, maana alikuwa amepoteza mfuko mmoja tu wa maneno. Mdogo hakukubali. Aliliangalia lile daftari lililolowa, kisha akaniambia jambo ambalo hakuna shahidi aliyekuwa amelitaja. Alikuwa na mfuko wa pili. Haukujaa, ulifika nusu, na depo haipokei mfuko usiofungwa mdomo. Kaka yake naye alikuwa na wake uliofika nusu. Wakamimina wa mdogo ndani ya wa mkubwa, wakafunga kamba, na ukawa wa tatu wa mkubwa.

"Ni kweli?" nikamuuliza mkubwa.

"Ni kweli, Prof. Lakini mfuko ni mfuko."

Mwenye pikipiki aliona mifuko minne. Mwenye shimo aliona mitatu kwa mmoja. Wote wawili walisema kweli, na hesabu yangu ilikuwa sahihi mpaka kamba ya mwisho. Mke wangu alileta bukari na samaki wa thomson, tukanawa mikono, na mdogo akiwa amefinyanga tonge bila kulipeleka kinywani aliniuliza: sasa ile nusu yake, ilikuwa nusu kamili, au zaidi ya nusu, au chini ya nusu, na pesa zake ni kiasi gani?

Nikamwambia hazitoshi.

"Basi tugawane sawasawa huo mmoja," mkubwa akasema, akavuta sahani ya samaki upande wake.

"Sawasawa ya nani?" mdogo akamjibu, na wakaanza upya.